Dola bilioni 1.5 za waandishi: nani aliingia kwenye orodha?

Tangu Septemba 2025, mjadala wa hakimiliki na akili mnemba hauendi mbali kabla ya mtu kutaja dola bilioni 1.5. Hizo ni fedha ambazo kampuni ya Kimarekani ya Anthropic, inayotengeneza programu ya Claude, ilikubali kuwalipa waandishi na wachapishaji ili kumaliza kesi iliyofunguliwa na waandishi watatu huko California. Katika kusimuliwa na kusimuliwa tena, habari hiyo imegeuka kuwa nyingine kabisa: kwamba mahakama imetamka kuwa kuifundisha mashine kwa vitabu vya watu bila idhini ni wizi, na kwamba sasa mwandishi yeyote duniani ambaye kazi yake imetumika anaweza kupanga foleni na kudai chake. Mahakama haikutamka hivyo; kuhusu kufundisha mashine, ilitamka karibu kinyume chake. Fedha zile zinatokana na njia ambayo vitabu vilipatikana, na orodha ya wanaostahili kuzipata ilichujwa kwa kigezo cha usajili ambacho mwandishi wa kawaida wa Morogoro, Unguja au Mombasa hakuwahi kuambiwa kwamba kipo. Kutolielewa jambo hili kunatugharimu. Tunabishana kama mashine imeiba au haikuiba, ilhali kinachoamua nani alipwe ni mambo yasiyovutia wasikilizaji wa redio: mkataba, usajili, na mahali ambapo nakala ilitengenezewa.

Tuanze na uamuzi wenyewe, uliotolewa na Jaji William Alsup tarehe 23 Juni 2025. Kampuni ilikuwa imenunua vitabu vya karatasi kwa wingi, ikavikata kwenye mgongo, ikapitisha kurasa kwenye skana, kisha ikatupa karatasi na kubaki na nakala za kidijitali. Kuhusu vitabu hivyo, na kuhusu kitendo cha kuifundishia mashine, jaji alisema ni matumizi ya haki, yaani yale ambayo sheria ya Marekani huyaruhusu bila idhini ya mwenye kazi baada ya kupima lengo la matumizi, aina ya kazi, kiasi kilichochukuliwa na athari zake sokoni. Kwa maoni yake, mashine haikuwa inaviuza vitabu vile upya. Ilikuwa inachota kutoka humo namna lugha inavyokwenda ili itoe kitu kingine. Lakini kabla ya kuanza kununua, kampuni ilikuwa imepakua nakala zaidi ya milioni saba kutoka kwenye maktaba za maharamia wa mtandaoni, LibGen ikiwamo, na kuzihifadhi kama maktaba yake ya kudumu. Hapo jaji aligoma. Kukinunua baadaye kitabu ulichokwisha kukiiba, alisema, hakukuondolei dhima ya wizi ule. Sehemu hiyo ndiyo iliyokuwa inasubiri kusikilizwa, na ndiyo iliyomalizwa kwa maafikiano. Nayo maafikiano yanahusu yaliyopita tu: faili za kiharamia ziharibiwe, fidia ilipwe, na kampuni haikupewa leseni yoyote ya siku zijazo.

Mtu atauliza kwa nini kampuni ilipe mabilioni katika kesi ambayo nusu yake ilikwisha kuishinda. Jibu liko kwenye hesabu. Sheria ya Marekani humruhusu mwenye hakimiliki kuchagua fidia iliyopangwa na sheria yenyewe, badala ya kuhangaika kuthibitisha hasara aliyoipata. Kiwango ni kati ya dola 750 na 30,000 kwa kila kazi, na kinaweza kupanda hadi dola 150,000 ikiwa kosa lilifanywa kwa makusudi. Orodha ya vitabu vilivyohusika ilifikia takriban 482,000. Ukizidisha kwa kiwango cha chini unapata zaidi ya dola milioni 360. Ukizidisha kwa kiwango cha juu unavuka dola bilioni 72, fedha ambazo zingeiangusha kampuni yoyote changa. Takriban dola 3,000 kwa kila kitabu, kabla ya kuondoa gharama za mawakili, ni bei ya kuikwepa hesabu hiyo. Hakuna mahali ambapo mtu alikaa akapima thamani ya riwaya au ya tafsiri na kusema inafaa kiasi hiki.

Sasa tazama namna faili milioni saba zilivyopungua hadi vitabu 482,000. Nyingine zilikuwa nakala zilizojirudia, ni kweli. Lakini ili kitabu kiingie kwenye orodha kilitakiwa kiwe na namba ya utambulisho wa kitabu, yaani ISBN, au ile ya duka la mtandaoni la Amazon, kiwe kimesajiliwa katika Ofisi ya Hakimiliki ya Marekani ndani ya miaka mitano tangu kuchapishwa, na usajili huo uwe ulifanyika kabla ya kampuni kukipakua au ndani ya miezi mitatu tangu kitoke. Kitabu cha Kiswahili kilichochapishwa Dar es Salaam au Nairobi, hata kama nakala yake ingekuwa ndani ya faili zile, kisingepita kwenye chujio hilo isipokuwa kama mwandishi au mchapishaji wake alijaza fomu za Washington na kulipa ada ya dola 45 au 65. Namba ya ISBN anayo, kwa sababu maktaba za taifa za Tanzania na Kenya huzitoa. Usajili wa Marekani hana, na hakuna aliyemwambia autafute.

Wakili makini atasema hapa kwamba Mkataba wa Berne, ule wa kimataifa wa kulinda kazi za waandishi, ulikwisha kulimaliza suala hili, na ana hoja. Kenya ilijiunga na mkataba huo mwaka 1993, Tanzania 1994, Uganda 2022, na Marekani yenyewe iliingia mwaka 1989. Ibara ya tano inasema wazi kwamba mwandishi anapata haki zake katika nchi zote wanachama bila kutakiwa kutimiza utaratibu wowote wa kiofisi. Ndiyo maana hakimiliki ya hadithi yako inazaliwa siku unapoiandika, wala si siku unapoipeleka COSOTA au KECOBO, ofisi za hakimiliki za Tanzania na Kenya. Lakini Marekani ilifanya jambo la kisheria lenye ujanja mkubwa: ilimwachia mgeni haki yake na hata mlango wa kufungua kesi bila usajili, ikaiweka ile fidia iliyopangwa, pamoja na kurudishiwa gharama za wakili, nyuma ya usajili uliofanywa mapema. Mwandishi wa Kiswahili asiyesajiliwa anabaki na fidia ya hasara halisi. Na hasara halisi ya riwaya inayouza nakala mia mbili kwa mwaka ni kiasi gani? Ni kiasi ambacho hakitoshi kumlipa wakili wa San Francisco kwa siku moja. Haki ipo kwenye karatasi, na chombo cha kuidai kiko mahali ambapo mkono haufiki. Kwangu mimi hili ndilo tatizo lililostahili vichwa vya habari, kwa sababu litajirudia katika kila maafikiano yatakayofuata.

Mwaka jana nilimsaidia mwalimu mstaafu kuutafuta mkataba wa riwaya yake iliyotoka miaka ya tisini. Tuliukuta ndani ya bahasha ya kaki, katikati ya stakabadhi za ada za watoto: karatasi moja iliyopigwa taipu, imeanza kuchanika kwenye mikunjo. Kifungu cha tatu kilisema kwamba mwandishi anampa mchapishaji haki zote za kuichapisha kazi hii kwa namna yoyote. Mrabaha ulikuwa asilimia kumi. Muda wa mkataba haukutajwa, wala masharti ya haki kurudi kwa mwandishi kitabu kisipochapwa tena. Taarifa za mauzo zilikoma kumfikia zamani, lakini kitabu kinaishi, kwa kuwa duka la steshenari lililo karibu na shule alikofundisha linakidurufu na kukibana kwa pini. Nilikisoma kile kifungu mara tatu nikijiuliza iwapo maneno “kwa namna yoyote” yanampa mchapishaji uwezo wa kuiuzia kampuni ya akili mnemba leseni bila kumuuliza mwalimu. Ninavyoelewa mimi, kuchapisha na kufundishia mashine ni matumizi mawili tofauti. Mchapishaji naye angeweza kusoma vingine, na angepata wakili wa kumuunga mkono. Katika maafikiano ya Marekani, pale ambapo hakuna maelezo mengine, vitabu vya kawaida vya sokoni vilipangiwa mgawo wa nusu kwa nusu kati ya mwandishi na mchapishaji. Hata mgawo huo unahitaji kwanza mtu aoneshe nani ana nini, na huku kwetu maelfu ya mikataba ya aina hii haioneshi.

Mahakama nyingine hazijarahisisha mambo. Siku mbili baada ya Jaji Alsup, mwenzake wa mahakama hiyohiyo, Jaji Vince Chhabria, aliipa ushindi kampuni ya Meta dhidi ya waandishi kumi na watatu, lakini akaeleza kwamba walishindwa kwa sababu walileta hoja zisizofaa na ushahidi haba. Hoja aliyoiona kuwa na nguvu ni ile ya soko kufurika: mashine iliyolishwa vitabu inaweza kutoa vingine visivyo na idadi, kwa bei ya bure, hata vile vya binadamu vikakosa pa kusimama. Uingereza, tarehe 4 Novemba 2025, madai makuu ya kampuni ya picha ya Getty dhidi ya Stability AI, kampuni yenye programu ya kuunda picha, yalishindwa. Dai kuhusu mafunzo ya mashine lilikuwa limekwisha kuachwa njiani kwa kukosa ushahidi kwamba mafunzo hayo yalifanyika katika ardhi ya Uingereza, na kuhusu kilichobaki jaji alisema programu isiyohifadhi picha ndani yake haiwezi kuitwa nakala ya picha hizo. Wiki moja baadaye, mahakama ya Munich ilisema kwamba mashairi ya nyimbo tisa za Kijerumani yamo ndani ya programu za OpenAI, watengenezaji wa ChatGPT, kwa kuwa mtumiaji akiuliza kwa maneno machache anatolewa mashairi yaleyale, na kwamba kukariri huko ni kunakili. Ndani ya siku saba, Ulaya ilipata majibu mawili juu ya swali moja la msingi: je, ndani ya programu mna kazi ya mtu au hamna?

Turudi nyumbani, ambako hoja hugongana kwa namna isiyofanana na ya California. Wapo wanaosema, na wengi wao ni wataalamu wa lugha ninaowaheshimu, kwamba Kiswahili hakina maandishi ya kutosha mtandaoni, na kila ukuta tutakaoujenga utaifanya mashine iendelee kutuzungumzia kwa Kiswahili cha kubabaisha. Wanataja jitihada za kujitolea kama Masakhane, mtandao wa watafiti wa lugha za Kiafrika, au sauti za Kiswahili ambazo watu wengi walizitoa kwa mradi wa Common Voice wa Mozilla bila kudai chochote. Hii ni hoja nzito na sina haja ya kuipuuza. Mama anayeuliza dalili za malaria kwa simu anastahili kujibiwa kwa lugha anayoielewa vizuri, na lugha hiyo mashine itaipata kutoka kwa waliokwisha kuiandika vizuri. Ninachokikataa ni kuugeuza uhaba huo kuwa sababu ya kutowalipa wachache waliozalisha kilichopo. Bidhaa inapokuwa adimu, bei yake hupanda. Ikiwa matini safi ya Kiswahili ni adimu kiasi hicho na inahitajika kiasi hicho, basi wenye nayo wako katika nafasi nzuri ya kukaa mezani, mradi tu wajulikane ni akina nani.

Upande wa pili una hofu ambayo kwa Kiswahili ni kubwa kuliko kwa Kiingereza. Soko letu la vitabu linasimama juu ya shule. Bila kitabu cha kiada, cha ziada, au riwaya iliyoteuliwa kutahiniwa, wachapishaji wengi wangefunga milango. Hadithi fupi za watoto za kurasa kumi na sita, ambazo waandishi chipukizi huanzia, ndizo mashine inazoweza kuziiga kwa urahisi zaidi. Hoja ya Jaji Chhabria kuhusu soko kufurika inaweza kuwa na uzito zaidi Kariakoo kuliko New York, kwa sababu ndoo ndogo hujaa haraka. Hata hivyo, wanaotoka hapo na kudai kwamba mafunzo yote ya mashine yapigwe marufuku wanaomba kitu ambacho hakuna bunge la Afrika Mashariki linaloweza kukisimamia. Mafunzo hayo hayafanyiki hapa. Kesi ya Getty imeonesha jinsi madai yanavyoyeyuka pale mlalamikaji anaposhindwa kuthibitisha kwamba kitendo kilifanyika katika nchi anamodai.

Hoja dhaifu kuliko zote, ambayo nimeisikia kwa watu wenye elimu kubwa, ni kwamba mashine husoma kama mtoto anavyosoma: hatumdai mtoto kila anapoandika insha nzuri kwa kuwa alisoma riwaya zetu, basi na mashine tusiidai. Jaji Alsup mwenyewe alitumia mfano wa wanafunzi, na umaarufu wa mfano huo nadhani umetoka huko. Jaji Chhabria aliujibu kwa uwazi: kumfundisha mtoto kuandika hakufanani hata kidogo na kutengeneza bidhaa ambayo mtu mmoja anaweza kuitumia kuzalisha kazi shindani zisizohesabika. Nami ninaongeza la kwetu. Mtoto aliyesoma riwaya ya mwalimu wangu aliinunua, au aliiazima maktaba ambayo iliinunua, na alisoma nakala moja kwa macho yake bila kutengeneza nyingine. Mashine haisomi kabla ya kunakili. Nakala hutengenezwa kwanza, nzima, kutoka jalada hadi jalada, na kunakili ndicho kitendo ambacho Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya Tanzania ya 1999 na Sheria ya Hakimiliki ya Kenya ya 2001 zinakiweka mikononi mwa mwenye kazi. Ndugu yake hoja hii ni ile isemayo kwamba kilichowekwa mtandaoni ni cha bure. Anayeamini hivyo akumbuke kwamba maktaba za maharamia nazo ziko mtandaoni, na ndizo zilizozaa dola bilioni 1.5.

Sheria zetu zenyewe zimebaki kimya katika jambo hili. Kenya ina matumizi ya haki kwa ajili ya utafiti, matumizi binafsi, uhakiki na kuripoti habari. Tanzania ina orodha yake ya matumizi huru, kama nukuu, kufundishia na matumizi binafsi. Zote ziliandikwa kwa ajili ya msomaji mwenye kitabu mkononi, na hakuna anayejua kwa yakini kama mtafiti wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam anayetaka kuchambua magazeti ya miaka hamsini kwa kompyuta yuko salama au anavunja sheria. Nchi nyingine zimekwisha kuchagua. Japani, kwa marekebisho ya 2018, ilifungua mlango mpana, ikikataza tu yale yanayomwumiza mwenye kazi isivyostahili. Singapuri, mwaka 2021, iliruhusu uchambuzi wa data kwa kompyuta hata wa kibiashara, kwa sharti kwamba anayechambua awe amezipata kazi hizo kihalali. Umoja wa Ulaya, kwa agizo lake la 2019, uliwapa watafiti uhuru, na kwa matumizi mengine ukamwachia mwenye kazi haki ya kusema hapana. Ningependa tuchukue sharti la Singapuri la upatikanaji halali, kwa sababu ndilo hasa lililoamua kesi ya California, na ile haki ya Ulaya ya kusema hapana, lakini kwa namna inayofaa huku. Huwezi kumtaka mwalimu mstaafu aandike alama za kompyuta kwenye tovuti asiyokuwa nayo. Tamko lake lililoandikwa na kuwekwa COSOTA au KECOBO, ambako kampuni yoyote inaweza kulisoma, litoshe.

Hilo linanirudisha kwenye daftari la kazi na wenye kazi. Sitaki usajili uwe sharti la kuwa na haki, kwa kuwa Berne inakataza na kwa kuwa wengi wangeachwa nje. Ninachotaka ni daftari la hiari lililo hai, la bei nafuu, lenye ISBN, jina la mwandishi, mwenye haki za kidijitali kwa sasa na tarehe. Uzoefu wa muziki umetufundisha umuhimu wake. Kenya ilipopanga mwaka 2022 kwamba msanii apate asilimia 52 ya mapato ya milio ya simu, ilikuwa hatua ya kijasiri. Tanzania ilipoanzisha mwaka 2023 tozo ya hakimiliki kwenye vifaa vya kurekodi na kunakilia kazi, nayo ilikuwa hatua. Lakini asilimia hailipi mtu yeyote hadi pale mlipaji anapojua wimbo ni wa nani, na tozo hukusanywa kwa siku moja kisha hubishaniwa kwa miaka. Wanaopendekeza sasa tozo kama hiyo kwa kampuni za akili mnemba wana wazo linalostahili kujadiliwa, kwa sababu matumizi yasiyoweza kufuatiliwa moja moja hulipiwa vizuri kwa pamoja. Waanze na daftari, la sivyo tutakusanya fedha za waandishi wasiojulikana.

Na mikataba isisubiri bunge. Kila anayetia saini mwaka huu anaweza kudai sentensi mbili: kwamba haki za kufundishia mashine hazimo ndani ya haki za kuchapisha isipokuwa zimetajwa, na kwamba zikitajwa, mwandishi aombwe idhini kwa maandishi na mgawo wake uandikwe. Mchapishaji mkubwa mwenye kazi mia tano za Kiswahili anaweza kupata leseni nzuri kutoka nje kesho asubuhi, na hakuna ubaya akiipata, mradi awe amekubaliana kwanza na waliomwandikia.

Linabaki suala la mahali, ambalo ni gumu kuliko mengine. Sheria ya hakimiliki huishia mpakani, na nakala hutengenezwa ng'ambo ya pili. Munich imetupa upenyo: ikiwa kazi imo ndani ya programu na inaweza kutolewa kwa maneno machache, basi kila inapotolewa mbele ya mtumiaji, nakala inazaliwa pale alipo mtumiaji. Kwa hiyo marekebisho ya sheria zetu yaseme bayana kwamba programu inayotolewa kwa watumiaji walioko Tanzania au Kenya, ikitoa kazi iliyolindwa au sehemu yake kubwa, imenakili Tanzania au Kenya, popote ilipofundishwa. Yaseme pia kwamba mtoa huduma ndiye atakayetakiwa kuonesha alivyoipata kazi hiyo. Bila vifungu hivyo viwili, mwandishi wa Kiswahili atakayefika Mahakama Kuu na riwaya yake mkononi ataulizwa kile walichoulizwa Getty jijini London, nakala ilitengenezewa wapi, na yeye hana namna yoyote ya kulijua jibu.